Tafadhali Uogelee Hapa

Shangazi yangu hakosei herufi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijitambulisha kwa wateja kabla hata hajataja jina lake: mimi ndiye mwandika mabango, na sikosei herufi. Kwa miaka thelathini na minne aliandika vibao vya vinyozi, maduka ya dawa, shule na makarakana, na ukizunguka mji mzima huokoti kosa hata moja. Mimi ni binti wa kaka yake. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini kusoma nilifundishwa na yeye, kwenye baraza lake linalonuka tapentaini, na nikiruka herufi nilionja rula ya mbao. Kwa hiyo msinilaumu kwa furaha niliyoipata siku nilipomkamata.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Huhesabu herufi za mstari, akaitafuta ya katikati, akaichora kwa chaki katikati ya ubao, kisha akaenda kushoto na kulia, moja huku, moja kule, ili maneno yasiegemee upande. Wanaoanza kushoto na kufika mwisho herufi zimebanana, yeye hawahesabu kuwa ni mafundi. Wakitajwa mbele yake hukohoa tu.

Kisa chenyewe kilianza pale ofisi ya mto ilipotengeneza njia ya miguu kandokando ya maji, kilomita saba, kutoka darajani hadi chini ya vilima. Watu wakaifurahia kuliko ofisi ilivyotarajia. Alfajiri kuna wakimbiaji, jioni kuna waendesha baiskeli, na mwisho wa wiki familia nzima hutandika mikeka na kufungua chupa za chai. Ofisi ilipoona watu wamefurahi kiasi hicho ikaagiza mabango kumi na mawili. Usitupe taka. Usiwashe moto. Usivue samaki. Usipite na mbuzi. Yote yalikuwa na USI.

Mojawapo liliandikwa kwenye karatasi ya oda: USIPANDE MITI. Shangazi alimuuliza ofisa wa mto, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, kama anakataza kukwea au kuotesha. Ofisa akamjibu kwamba kazi yake ni kuandika, si kuuliza. Basi akaandika. Wiki ileile kina mama waliokuwa wamebeba miche ya kuotesha ukingoni walilisoma lile bango, wakageuza, wakarudi na miche yao nyumbani. Shangazi alicheka hadi akashika ukuta, na hadithi hiyo akaisimulia kila baraza lililomkaribisha. Nadhani Mungu naye alikuwa anasikiliza.

Bango la kumi na mbili lilikuwa la pale mto unapokata kona na kutulia, penye jiwe kubwa bapa. Ni mahali ambapo yeye mwenyewe alijifunza kuogelea akiwa msichana, baba yangu akimshika kidevu. Maji ya pale ni mazuri, ila yana ujanja: mvua ikinyesha vilimani, mto hupanda ghafla huku chini jua likiwaka. Ofisi ingeweza kuweka mlinzi, lakini mlinzi hula mshahara na bango halili. Kwa hiyo karatasi ikasema: TAFADHALI USIOGELEE HAPA.

Jumapili moja nikaenda kutembea huko na viatu vyangu vya kanisani, maana mimi na maji ni salamu tu, sijui kuogelea na sijawahi kutaka kujua. Kwenye kona nikakuta watu kama thelathini wamo mtoni. Watoto wanateleza juu ya jiwe, kina mama wamekaa majini hadi mabegani wakipiga soga, na mzee mmoja mstaafu wa posta anatembea taratibu kwenye kina kidogo kwa ajili ya goti lake. Nikainua macho nione kama hawajui kusoma. Kumbe walijua vizuri sana. Bango lilisema, kwa herufi nyeupe zilizokaa katikati bila kuegemea popote: TAFADHALI UOGELEE HAPA.

Nilifika kwake nikihema. Nikamwambia amesahau silabi. Akaniambia nirudi shule. Nikamtajia silabi yenyewe, na hapo mkono wake ukaacha kukoroga rangi. Akachukua kipande cha chaki, akaandika neno sakafuni kama alivyoliandika siku ile, kuanzia katikati kwenda nje, na alipomaliza akalitazama muda mrefu.

Nilitaka kumcheka, lakini uso wake ulinizuia. Nikajaribu kumpoza. Nikamwambia, "Shangazi, kuteleza si kuanguka."

"Toa hiyo si hapo," akasema, "uone inavyosomeka."

Hofu yake haikuwa jina peke yake, ingawa jina nalo lilimuuma. Aliniambia waziwazi kwamba mtu akizama pale atakuwa amezamishwa na brashi yake, maana yeye ndiye aliyemwita majini, tena kwa tafadhali. Usiku huo hakula. Asubuhi, kabla ya wakimbiaji, akabeba kopo la rangi na brashi nyembamba, akaenda kuichomeka ile SI mahali pake.

Akamkuta Mzee wa Posta ameshatangulia, suruali ameikunja, goti ndani ya maji. Mzee akamshukuru. Akasema amepita mbele ya mabango tangu ujana wake, na hili ndilo la kwanza kumwambia tafadhali na kumaanisha. Kisha wakaja kina mama wawili na ndoo za nguo na watoto, nao wakamshukuru. Shangazi akasimama pale na brashi yake hadi rangi ikaanza kukauka juu ya manyoya. Mwisho akaifuta kwa kitambaa, akarudi nyumbani, akatoka na tyubu ya lori iliyojazwa upepo, kamba ndefu na filimbi. Kama hawezi kulifuta neno, alisema, atalifanya liwe kweli.

Hapo ndipo alipoanza maisha yake ya pili, akiwa na miaka hamsini na minane. Alikaa pale kila asubuhi hadi saa nne na kila mwisho wa wiki kutwa, na mabango ya wateja akayaandika mchana. Juu ya jiwe bapa alichora mistari mitatu, kijani, njano na nyekundu, ya kupimia maji. Aliwafundisha watu kutazama rangi ya mto: ukiwa mweupe au wa kijani, karibu, ukianza kufanana na chai ya maziwa, toka, hata kama jua linakuchoma kisogo. Filimbi moja, tazama. Filimbi mbili, toka usiulize. Watoto walimwogopa na kumpenda, kama ilivyo kwa shangazi yeyote anayejua kazi yake. Mji mzima ukamwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri.

Na siku moja ya joto aliingia mwenyewe. Hakuvua kitu, aliingia na gauni lake, akajilaza majini, akapiga mikono. Miaka arobaini alikuwa hajaogelea. Alipotokeza ng'ambo alikuwa anacheka peke yake, na mimi niliyesimama ukingoni na viatu nilijikuta ninalia bila sababu ya maana.

Hakuna aliyezama. Mtoto mmoja alikwaruzwa kidevu, basi. Lakini habari njema nazo zina miguu, na mwezi wa saba ofisi ya mto ikapata barua ya pongezi kutoka kwa mtu aliyeandika kwamba ni ofisi ya kwanza kumwomba aogelee. Ofisa alisoma barua hiyo mara tatu. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, kalamu zake tatu mfukoni na faili kwapani.

Shangazi alijua kinachokuja. Akikana, atakuwa mwongo. Akikiri, bango litang'olewa, kona itafungwa, na kila mteja atajua kwamba yule asiyekosea amekosea. Aliniomba niwe karibu, na kuomba si desturi yake.

Ofisa hakuanza na bango. Alitaka kwanza kujua kina. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia na fimbo ya kupimia, akachovya huku na huku na kumtajia Shangazi tarakimu. Jua lilikuwa kali. Shangazi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama mto wa juu, ambako majani makavu na povu vilianza kushuka, na nyuma yake, mbali, wingu jeusi limelala juu ya vilima. Akapiga filimbi mbili.

Watu walitoka kama walivyofundishwa, kila mkubwa na mtoto wa karibu yake, bila kelele. Ofisa alibaki katikati na fimbo yake, akieleza kwamba hakuna mvua. Shangazi akaingia, akamshika mkono, akamtoa. Hakumvuta kwa heshima. Hazikupita dakika kumi, maji ya chai ya maziwa yakaufunika mstari wa njano, kisha mwekundu, na pale ofisa alipokuwa amesimama pakapita gogo. Kiatu chake cha kushoto, alichokiacha ukingoni, kilikwenda nalo.

Tulikaa juu ya mkeka wa watu, tukautazama mto ukipita. Mtu akampa ofisa chai. Naye akafungua faili, akalifunga, akasema jambo ambalo sikulitarajia. Karatasi ya oda haionekani ofisini. Huenda wao ndio walioandika vibaya, akasema, maana hata lile la miti lilikuwa la kwao. Kama Shangazi atasema aliandika alichopewa, yeye hatalifukua zaidi.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilimkanyaga Shangazi mguu ili apite. Mzee wa Posta alikuwa ameshika goti lake.

"Hapana," Shangazi akasema. "Karatasi yenu ilikuwa sawa. Nilikosea mimi."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na nilimwona jinsi lilivyomkwama kabla ya kutoka. Akaendelea. "Mabango kumi na moja ya kukataza watu, bwana. La kumi na mbili mkono ukachoka. Nilikuwa nafikiria nilivyofundishwa kuogelea hapa. Nimekosea, lakini tangu nijue, sikumwacha hata mtu mmoja aingie majini peke yake."

Ofisa akautazama mguu wake usio na kiatu. Akasema bango lile kwa kweli haliwezi kubaki vile. Kisha akatoa kalamu moja kati ya zile tatu na kumuuliza Shangazi, kwa sauti ya mtu anayeuliza na si kuagiza, jipya liandikweje. Aliondoka jioni na kandambili za Mzee wa Posta.

Wiki iliyofuata Shangazi aliniita barazani. Bango lilikuwa limeegemezwa ukutani, rangi bado mbichi. Akaniamuru nisome kwa sauti, na rula alikuwa nayo mkononi.

Nikasoma: "Tafadhali usiogelee hapa Shangazi asipokuwepo."

"Ulisema nimesahau SI moja," akasema. "Hesabu hapo ziko ngapi."

Zilikuwa mbili. Tulicheka hadi tukashika ukuta wote wawili. Lakini mimi ni mwalimu, na nikicheka sana huwa naona kosa. Nikamuuliza itakuwaje siku ambayo yeye hatakuwepo, atakapougua, au atakapochoka, au ile siku nyingine tusiyoitaja. Bango litafunga kona yote.

Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiruka herufi. "Nimeandika jina langu hapo?"

Nikasoma tena. Hakuwa ameliandika.

"Kaka yako ana watoto wangapi?" akaniuliza.

"Watatu."

"Basi wewe nani kwao?"

"Shangazi." Alitoa filimbi shingoni mwake, akanivika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo wasemavyo, nami nilikuwa sijavua hata soksi. Jumamosi alfajiri nilisimama kando ya jiwe bapa, mto mweupe, mstari wa kijani uko wazi. Nikavua viatu, nikavipanga mbali na maji. Shangazi alikuwa amekwisha kuingia, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa, tayari kunishika kidevu.