Mimi Zambarau, Yeye Maruni

Nianze na hili ili tusisumbuane: mimi najua kuuza simu. Sisemi najitahidi, sisemi Mungu ananisaidia, ingawa ananisaidia. Nasema najua. Mtu akisukuma mlango wa duka letu pale Kirumba, kabla hajaniambia ameingia kuangalia tu, nimeshaona ameshika simu gani, imepasuka wapi na anaionea aibu kiasi gani. Na katika jiji zima la Mwanza, mtu pekee aliyekuwa ananikaribia kwa kazi hiyo alikuwa mume wangu.

Hapo ndipo penye mkasa, maana mume wangu alikuwa promota wa kampuni nyingine.

Tulikuwa duka moja. Mwenye duka ni mzee ambaye ukoo wake umefanya biashara hapo mjini tangu enzi za vitambaa na taa za chemli, wakaja kwenye redio, wakaja kwenye simu. Kampuni za simu zinaweka watu wao humo ndani, zinawavalisha fulana, halafu zinakaa pembeni kuangalia wakigombania wateja. Mimi nilivaa zambarau, yeye maruni. Asubuhi tulitoka nyumbani Ilemela pamoja, tunashuka kwenye mawe ya kilimani kwetu huku amenishika mkono nisiteleze, tukifika mlangoni kila mtu anashika upande wake na mapenzi yanasubiri jioni. Nikimwona amemkamata mteja niliyemwona mimi kwanza, damu ilikuwa inanichemka kabisa. Jioni nampakulia ugali na sato kama kawaida. Wateja waliotujua walikuwa wanatuchokoza, eti leo nani atalala njaa.

Kipindi hicho kampuni zilikuwa zinapigania kioo. Zamani zilishindania kamera, nani anakutoa mweupe zaidi. Baadaye zikaja na vioo vinavyochora picha upya mara nyingi zaidi kwa sekunde moja, kiasi kwamba ukiperuzi, maandishi yanateleza badala ya kurukaruka. Kipimo chake ni hezi, na simu nyingi za kawaida zilikuwa na sitini. Kampuni yangu ikaleta tisini, tukaitwa hotelini kufundishwa, tukala kuku. Hatujakaa sawa, kampuni yake ikaleta mia na ishirini. Wakaitwa hoteli kubwa zaidi, wakala kuku na samaki. Na sisi tukaleta mia na ishirini pamoja na kava ya bure. Wao wakaja na mia na arobaini na nne. Aka! Jicho la binadamu ni lile lile alilozaliwa nalo, lakini namba zilikuwa zinapanda tu, na kila zikipanda upande wake, mume wangu anarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeshinda udiwani.

Basi mzee mwenye duka akatuita. Alisema duka limekuwa kama stendi, kila kona mtu anavuta mteja. Anataka kaunta moja tu pale mlangoni, ya kampuni moja, na nyingine itoke. Jumamosi tuweke maturubai nje, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule. Kaunta ataichukua yule ambaye watu watasimama kwake. Mameneja wetu wakakubali, na wakaongeza la kwao: atakayekosa kaunta hana tena nafasi Mwanza. Yeye angehamishiwa Bukoba. Mimi Tabora.

Meneja wangu, mtu wa kutoka Dar, aliuliza majaji watakuwa akina nani. Mimi na mzee tukaangaliana tu. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma vinaingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watu ndio wanaohama. Ngoma yako ikipoa wanakugeuzia visogo wanakwenda kwa wenzako, na wewe unabaki unacheza na vumbi lako. Babu yangu alicheza ngoma hizo akiwa na chatu shingoni, na alikuwa akisema aliyeshindwa hahitaji kuambiwa. Kwa hiyo mashindano ya mzee sikuyaona mageni hata kidogo. Niliona yamekuja nyumbani kwangu.

Ijumaa jioni nilikuwa nasonga ugali. Mume wangu akaja akasimama nyuma yangu, kwa sauti ile ya upole inayoniudhi, akasema, "Bibie, kesho nitakuachia. Mimi Bukoba naimudu. Wewe Tabora utalia."

Mwe! Niliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Uniachie nini? Nani kakwambia mimi naachiwa? Thubutu! Kesho cheza mpaka mwisho wa nguvu zako. Kama ni kuondoka, uondoke nimekushinda, usije ukakaa Bukoba unawaambia watu ulimwonea mkeo huruma."

"Na ukishindwa wewe?"

"Nitakwenda Tabora na nitauza simu mpaka waniogope."

Akacheka, akasema sawa, basi asilaumiwe. Ugali ule ulikuwa na mabonge na tuliula hivyo hivyo.

Jumamosi ilianza vibaya kwangu, siwezi kuficha. Alikuwa na spika nzito kuliko yangu na simu yenye kioo kipana, akaweka video ya mpira. Watu wakajaa. "Mia na arobaini na nne!" anapiga kelele, "Angalia mpira unavyotambaa!" Mimi nimesimama ng'ambo nasaga meno, kwa sababu najua, na yeye anajua, kwamba video inakwenda kwa mwendo iliorekodiwa nao, hata uiwekee kioo cha malaika. Hezi unazionea kwenye kidole chako mwenyewe, unapoperuzi. Lakini nani ana muda wa kusikiliza hayo wakati kuna goli? Wachache waliokuwa kwangu wakaanza kugeuka. Nikaanza kuona visogo. Nikasikia Tabora inaniita.

Hapo akatokea mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa Nansio, wa kisiwa kile kile alikozaliwa mume wangu. Wiki chache nyuma nilimuuzia simu, na nilijivuna sana kwamba amempita mtoto wa kwao akanunua kwangu. Alikuwa anatoka soko la samaki la Mwaloni, kanga kiunoni, anakuja kwa kasi ambayo haina heri.

"Wewe binti! Simu gani hii umeniuzia? Hapa iliteleza kama samaki, nimefika Nansio imekauka! Umenibadilishia!"

Watu wa Kirumba wanapenda simu, lakini ugomvi wanaupenda zaidi. Vichwa vyote vikageuka. Na mume wangu, bila aibu, akainua kipaza sauti chake: "Karibuni huku, ambako simu hazikauki!" Wakaangua kicheko. Nilimtazama kwa jicho ambalo alijua atalikuta nyumbani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nataka simu yangu ile niliyoiona hapa."

Nikaipokea. Simu zangu nazijua. Niliangalia juu ya kioo, nikaona ile alama ya betri ya njano, nikajua.

"Mama, hii ya kubana chaji uliiwasha lini?"

"Nilipopanda meli. Kwani kuna mtu anapanda meli bila kubana chaji?"

Waliosimama karibu wakaitikia: hakuna. Na kweli hakuna. Sisi huku tunabana chaji kama tunavyofunga mlango tukitoka. Umeme ukiyumba unabana, ukisafiri unabana, ukienda msibani unabana. Wengine simu zao zimebanwa tangu siku zilipotoka kwenye boksi. Na ukiibana chaji, kioo kinarudi kwenye hezi sitini, kimya kimya, bila kukuambia. Ina maana kampuni hizi mbili zimepigana miaka yote hiyo, zimetulisha kuku, na mteja akipita tu mlangoni anakizima kitu chenyewe kwa kidole chake!

Nikaminya kile kitufe mbele yake. Nikamwambia aperuzi. Akapitisha kidole, ujumbe ukateleza kutoka juu mpaka chini.

"Eheee!" mama akasema. Akarudia tena. Akanitazama, hasira imemwisha, anacheka na meno yote.

Nikapanda juu ya kiti. Sikuhitaji spika. "Toeni simu zenu! Za zambarau, za maruni, za rangi yoyote! Kuna mtu hapa amenunua kioo kinachoteleza na hajawahi kukiona tangu alipofika nacho nyumbani. Leteni niwafungulie!"

Jamani, walikuja. Wauza samaki walikuja, madereva wa bodaboda walikuja, mwalimu mmoja alikuja na simu mbili. Na wengi wao walikuwa wameshika simu za maruni, alizowauzia mume wangu kwa mdomo wake mtamu. Nilizifungua moja moja, nikawaonyesha. Kila mmoja akiona anaita mwenzake. Upande wangu wa barabara ukaziba, pikipiki zikawa hazipiti.

Mama wa Nansio akauliza lililobaki. "Sasa binti, nikiiacha hivi, chaji itanifikisha nyumbani?"

Meneja wangu alikuwa nyuma yangu, nilisikia anakohoa. Lakini mimi yule mama ninamtaka arudi na mwakani.

"Haitakufikisha, mama. Kuteleza kunakula chaji. Ukiwa sokoni, achia. Ukipanda meli, bana, ukifika achia tena."

Wakaitikia kwa kuridhika, kama watu walioambiwa jambo walilokuwa wanalishuku. Ndipo mmoja akapaza sauti ng'ambo: "Na ya kwako, kaka? Hiyo mia na arobaini na nne nayo inakula?"

Mume wangu alikuwa na kipaza sauti mkononi. Angeweza kusema haili. Wangemwamini, alikuwa anaaminika. Akanitazama kwanza, halafu akamtazama mama wa kwao.

"Inakula kuliko ya kwake," akasema, na akazima spika.

Mzee mwenye duka alikuwa mlangoni muda wote huo. Aliingia ndani, akaanza kuondoa vitu pale ambapo kaunta yangu ingekaa.

Tulipokuwa tunakunja maturubai, nilimfuata mume wangu nikiwa nimewaka. "Umeniachia! Nilikukataza na umeniachia!"

Aliendelea kukunja. "Nikuachie saa ngapi? Watu walikuwa kwako muda mrefu kabla sijaulizwa. Nilikuwa naviuzia viti simu. Ulitaka nimdanganye mama wa Nansio, simu imzimikie katikati ya ziwa, halafu mama yangu asikie?" Akaweka turubai chini, akanishika mabega. "Umenishinda, mke wangu. Kwa haki kabisa. Na mimi nilicheza kwa nguvu zangu zote."

Hakuna sifa niliyowahi kupewa na meneja yeyote inayofikia hiyo. Na hakuna maneno yaliyowahi kuniuma kama hayo.

Aliondoka na meli ya Bukoba. Nilimsindikiza bandarini nimevaa fulana ya zambarau, kwa sababu alisema nisije nimevaa kinyonge. Kesho yake nilifungua kaunta yangu mlangoni, inang'aa, taa chini ya vioo, mahali pazuri kuliko pote kwenye barabara ile. Mteja wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye simu ya maruni.

"Yule kaka aliyekuwa hapa yuko wapi? Alikuwa anaeleza vizuri sana."

"Yuko Bukoba. Ni mume wangu. Mimi ndiye niliyemshinda."

Kijana akanitazama vizuri. "Sasa mbona unalia, dada?"

Nikamwambia sijutii, na ni kweli sijutii, hata leo ningemshinda tena. Nikajifuta kwa ukosi wa fulana, nikamuuliza anataka simu ya kufanyia nini. Akasema anataka yenye kioo kinachoteleza. Nikamuuzia.