Utulivu wa Mchumba

Miaka yote niliyouza vitenge Kariakoo, nimezoea kuwasoma watu kwa miili yao. Anayetaka kunilalia bei humeza mate kabla hajaitaja. Mwenye hasira hutokwa na mishipa ya shingo hata akiwa anacheka. Maneno mtu anaweza kuyapanga, jasho halipangiki. Basi mimi sidanganyiki kirahisi, na siwezi kujishusha kwa hilo.

Ila mchumba wa mdogo wangu nusura anipite. Shangazi alipopokea posa alisema, "Mwanaume mtulivu hivi, hana papara, utampata wapi Bongo hii?" Kwetu mtu mtulivu huhesabiwa ana adabu, hata hajaulizwa lingine. Nasi hatukuuliza.

Siku moja walikuja wote wawili dukani kuchagua sare za harusi. Nilikuwa nimewakunjulia jora la bluu, mara mbeba mizigo akapita na mkokoteni. Ukamteleza, ukambana vidole kwenye ukuta wa duka. Yowe alilopiga! Mwili ulinisisimka, vinyweleo vikasimama. Mdogo wangu alijishika vidole vyake kana kwamba yeye ndiye aliyebanwa.

Mchumba alikuwa anapapasa kitambaa. "Hii haichuji?" akaniuliza.

Wapo wanaoganda kwa hofu, nawajua. Hao hupauka midomo, hulowa viganja. Huyu alikuwa mkavu, pumzi imetulia. Kisha akatutazama nyuso zetu, mmoja mmoja, ndipo akakunja wake. "Dah, masikini," akasema, kama mtu anayejaribu shati dukani. Niliogopa, tena sana.

Majeruhi alipopelekwa hospitali, mchumba naye alipokwenda zake, nilimwambia mdogo wangu bila kuzunguka: huyu usiolewe naye. Nilijua atanirukia. Badala yake alikaa juu ya majora.

"Dada," akasema, "siku tuliyomzika mama alinikumbatia. Nililia, sikio langu likiwa kifuani kwake. Moyo wake ulikuwa unadunda taratibu, kama wa mtu aliyelala."

"Ukajiambia nini?"

"Nilimshukuru Mungu. Nikasema nimepata mtu wa kuniegemea."

Nikamsahihisha kimoyomoyo: alikuwa na maana ya mtu wa kumwegemea. Sikucheka. Akavua pete ya uchumba, akanipa nimpelekee shangazi airudishe pamoja na posa. Mkono ulikuwa unamtetemeka vibaya. Nikaushika, sikuuachia.