Mpunga Pori wa Kikole

Harufu ya majani mabichi ya mpunga yakiungua naikumbuka mpaka leo. Ni harufu ya mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, ugonjwa wa kimyanga ulipoingia bondeni kwetu Kikole. Majani yaligeuka manjano kana kwamba yamepakwa bizari, mashina yakadumaa, na bwana shamba akatuambia tung'oe tuchome. Baba alikuwa ameshafariki. Mama aling'oa mwenyewe, mimi nikakusanya, na mdogo wangu Somoe akalia kivulini kwa njaa.

Ukingoni mwa bonde, mpunga pori ulisimama kijani kibichi, hauna hata doa.

"Mbona huu haujaumwa?" Mama aliuliza.

"Hilo gugu tu, mama," bwana shamba akajibu. "Ling'oe nalo."

Hakuling'oa. Tulianza kwenda alfajiri umande ukiwa bado haujakauka, kwani jua likipanda, punje zilipukutika ukizigusa tu. Mama aliinamisha masuke juu ya ungo na kuyagonga taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Ndevu za punje zilinichoma vidole; nilizibandika kidevuni, nikajifanya mwalimu wa madrasa ili Somoe acheke. Asubuhi nzima tulipata kikombe kimoja, nusu yake makapi. Uji wake haukututosha watu watatu.

Wiki ya tatu Somoe hakuweza kusimama. Mama akamvisha gauni lake la Idi, akampeleka Mitwero kwa mama mkubwa, akarudi peke yake. Somoe alipona, alhamdulillahi, lakini mama yake sasa ni yule wa Mitwero. Kwetu huja kama mgeni, akipiga hodi.

Ukubwani nilipata kazi kwenye shamba la utafiti wa mbegu. Huko nilikuta wataalamu wakiuliza swali lilelile la Mama. Walisaka mpunga pori usioshikwa na ugonjwa, wakauchanganya na wa shambani, ili uzao wake urithi ule ugumu bila kurithi tabia ya kupukutika. Nikaenda nyumbani kumweleza kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuipata mbegu hiyo huchukua muda gani?"

"Miaka mingi, Mama."

"Somoe asingeweza kungoja," alisema.

Niwaambie ukweli: miaka yote ile nilikuwa nikimlaumu kimoyomoyo kwa kumtoa mdogo wangu. Siku hiyo niliacha.