Mwalimu Ulrike na Kichwa Kilichosukwa Nusu

Enzi zetu kule Moshi, Jumamosi ya mtoto wa kike ilijulikana: asubuhi kufua sare, mchana kusukwa. Unakaa chini, kichwa katikati ya magoti ya mama, mafuta ya nazi yanachuruzika hadi shingoni, na ukithubutu kujitikisa unachapwa chanuo begani. Leo binti yangu anasukiwa saluni hapa Scarborough, ughaibuni, kwenye kiti cha kuzunguka, simu mkononi, na bado analalamika kwamba anaumia!

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa Mjerumani, Mwalimu Ulrike, mwanamke mrefu aliyechechemea kidogo. Alitusimulia kwamba alipokuwa mdogo, klabu za kwao zilikatazwa kuwapa wanawake viwanja vya kuchezea mpira. Tulishangaa, tulidhani makatazo ni ya kwetu tu. Marufuku ilipoondolewa alijiunga na timu ya mji wao, akauza mikate asubuhi na kufanya mazoezi jioni, akacheza winga mpaka ligi ya juu kabisa, hadi goti lilipokataa. Sisi tulijua netiboli tu. Yeye akatuwekea mpira miguuni, na kwa kuwa nilikuwa na mbio, akanipa winga.

Mama hakutaka kusikia. "Mpira utakupa nini zaidi ya makovu?" alikuwa akisema. Siku ya mechi yetu ya kwanza, dhidi ya wasichana wa shule ya jirani, alinisuka upande mmoja tu, kisha akaweka chanuo chini na kwenda jikoni kuangalia maharage. Hakurudi. Nilimwelewa. Msichana gani atatoka nje na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefumuka?

Nilitoka. Nilikimbia njia nzima watu wakinicheka, machozi yakinilengalenga. Mwalimu Ulrike alinitazama kichwa, halafu miguu. "Nywele hazipigi mpira," alisema. "Ingia."

Karibu na mapumziko nikamwona mama kando ya uwanja. Nilijua nitaburutwa mbele ya shule mbili. Filimbi ilipolia aliketi kwenye nyasi, akanivuta katikati ya magoti yake, akamalizia kichwa changu kwa mistari minene ya haraka haraka, huku mwalimu akitupa maelekezo. Alipofunga msuko wa mwisho akanisukuma mgongoni. "Haya, nenda. Usinitie aibu." Tulifungwa mawili bila. Sijawahi kufurahi vile tena.

Sasa binti yangu anacheza mpira hapa mtaani kwetu Malvern, njumu mpya kila msimu. Nikimwambia nitabaki kuangalia, hunijibu kwa Kiingereza kwamba si lazima. Mimi hubaki hivyo hivyo. Mama alishafariki, na baridi inaponikata vidole pembeni ya uwanja huwa natamani ningemuuliza nini kilimtoa jikoni siku ile. Hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, nami sikuwahi kuwa na shaka. Binti yangu namwambia kila asubuhi. Hujibu "okei", macho kwenye simu.