Waliombeba Baba Nyabusozi

Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu vijijini, tulihamishwa kutoka mlimani Nyabusozi hadi kijiji kipya kando ya barabara. Tuliacha nyumba, migomba, na kaburi la mama katikati ya migomba hiyo.

Nayakumbuka hayo leo, Deo mwanangu, kwa hasira. Jumamosi nilikuwa napita na kapu langu mjini Biharamulo nikakusikia ukiwatembeza wageni. Boma la Wajerumani uliwaeleza vizuri, ukuta kwa ukuta. Mmoja akanyooshea kidole vilima vya kwetu. Ukamjibu, "Kule lilikuwa pori tu."

Pori! Sisi tulizika watu wetu kwenye migomba ya nyumbani, marehemu asikae mpweke.

Vita vya Amini vilipoanza, vijana wa kijiji kipya wakaenda kupigana. Ndipo babangu akafariki. Aliomba jambo moja tu: alazwe ubavuni kwa mama. Katibu wa kijiji akakataa.

"Makaburi ni hapa barabarani. Kule hakuna watu tena."

Shangazi Theodora akamsogelea. "Kaka yangu tumfukie barabarani kama mbwa aliyegongwa na lori?"

"Na nani atambeba, mama? Wanaume wako vitani."

"Kwani haya mabega yangu unadhani ni ya kutundikia khanga?"

Kwetu mwanamke habebi maiti. Nikamnong'oneza shangazi kwamba watu watatucheka. Akanigeukia: "Wewe baki hapa basi, umsaidie katibu kukaa."

Nikaingiza bega chini ya machela. Tulipokezana wanawake peke yetu, tukavitukana vilima vyote njiani. Nyumba ilikuwa imeng'olewa paa, ngedere wamejaa kwenye migomba. Tukachimba wenyewe, tukamlaza baba pale alipotaka.

Sasa nisikilize, mwanangu. Waonyeshe wageni boma, ni kazi yako na ni kazi nzuri. Lakini usiite pori mahali watu walipoondolewa. Ukifanya hivyo unawahamisha mara ya pili, na safari hii ni wewe, damu yao. Usichokijua, uliza. Mimi bado nipo. Mungu akupe wageni wengi, akulindie na ulimi wako usiseme uongo kwa kutojua.

Siku ile tuliporudi, udongo umetujaa hadi magotini, katibu alikuwa amesimama barabarani. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Shangazi akampita. Hakuitika.