Pampu ya Bondeni

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chochote, Fundi aliweka kiganja juu ya pampu ya majitaka kama anayempima mtoto homa. Ikitetemeka, alikaza nati. Ikikwaruza, aliitukana kidogo, kisha akakaza nati. Halafu alifungua daftari la zamu na kuandika: Nzima.

Nzima ya wapi! Bomba lilifungwa kwa mpira wa baiskeli, beringi zilitoka kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yake. Lakini kwa Fundi, kuandika "mbovu" ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Miaka kumi na moja aliandika Nzima, na huko bondeni, anakoishi dada yake na watoto wanne, majitaka hayakuingia jikoni hata mara moja.

Asubuhi moja hakutulia. Alikaa, akasimama, akatoka mlangoni, akarudi. Ufa kwenye chuma ulikuwa umeanza kupitisha kidole. Akalikwapua daftari, akaenda kwa bosi.

"Mashine mpya lini, mzee?"

"Tunaomba kila mwaka. Wakubwa wanauliza, ya zamani ina nini? Wakisoma daftari lako, hela inaenda kwenye taa za bustani."

"Inayofanya kazi ni mikono yangu, si mashine!"

"Basi Mungu akuzidishie mikono." Ofisi ikaangua kicheko.

Fundi hakucheka. Akachukua kalamu ya bosi, akaandika Mbovu mbele yake, herufi zimemkaa upande kama za mtoto.

"Usiniletee balaa," bosi akasema. "Nenda kazibe."

Akateremka bondeni mbiombio.

"Dada, toa watoto. Nendeni kwa shangazi kule juu."

"Kwani umeshindwa? Wewe?"

Neno hilo lilimchoma. Angeweza kuziba, mpira ulikuwepo mfukoni. Angeziba leo, na mwakani, mpaka chuma kipasuke usiku, majitaka yawakute watu wamelala.

"Nimeshindwa," akasema. "Beba godoro."

Akagonga mlango kwa mlango. Wengine walimtukana kwanza, lakini wote wakafunga virago. Wa mwisho alipopanda na ndoo zake, Fundi alirudi akaizima pampu.

Simu ikalia.

"Fundi! Kimya hicho cha nini? Washa!"

"Njoo uwashe wewe, mzee."

Akaacha ufunguo kwenye kitasa. Simu ililia tena kabla hajafika barabarani, ikalia alipovuka, na pale kwenye pampu hakuonekana tena.