Tuzikane Tukiwa Wazee

Siku ile siisahau hata nikitaka, mwanangu. Nilibeba ndoo ya maji ya mtaroni, meusi, yananuka, nikaivusha mtaa mzima mpaka ofisi ya kata na kuitua juu ya meza ya bwana mkubwa, katikati ya makaratasi yake. Nikamwambia maji haya hulala chumbani kwangu kila mvua ikinyesha, leo yamekuja kukuamkia na wewe.

Najua nasaha hutolewa na wenye mvi. Mie sina hata unywele mmoja mweupe, na wapo watakaosema huyu binti anajitia ubibi. Waseme. Aliyeungua hasubiri uzee ndipo aseme moto unaunguza. Na wewe umeanza shule mwaka huu, umeshaanza kuniuliza kwa nini mama yako anapenda kukaa na vikongwe wa msibani. Basi kaa nikueleze.

Ulikuwa mchanga, hujaanza kutambaa. Kwetu Temeke, upande wa bondeni, ulikuwapo mtaro mmoja tu wa kupokea maji ya huko juu na kuyashusha mtoni. Ndipo zikaja enzi za ruksa, kila mwenye nguvu akajenga anapotaka. Bwana Salehe, jirani yetu wa siku nyingi, alikuwa amepata kwenye mitumba. Akataka mahali pa kugeuzia malori yanayoleta marobota yake, basi akaufukia mtaro kwa kifusi na kuweka geti jekundu juu yake. Vuli iliponyesha, maji yakakosa njia. Maji hayana haya, mwanangu. Yalipitia vyooni kwanza, ndipo yakaingia ndani kutusalimia.

Ukaanza kuhara. Kesho yake macho yalikuwa yamezama na utosi umebonyea, hata kulia ulikuwa huwezi. Nilikukimbiza zahanati nikakaa nimekupakata, dripu inadondoka, na mbele yangu ukutani pana bango limeandikwa kwamba afya itawafikia watu wote ifikapo mwaka elfu mbili, dunia nzima imekubaliana. Nililisoma bango lile mpaka nikalikariri. Mie nimemaliza kidato cha nne, kusoma si shida yangu. Shida yangu ilikuwa kuelewa dunia hiyo imekubaliana na nani, maana Bwana Salehe kikaoni hakuwapo.

Ulipona, alhamdulillahi kama wasemavyo majirani zetu, na asante Yesu kama tusemavyo kwetu. Lakini mganga aliniambia wazi: mtoto huyu amebaki mwepesi, akipatwa tena hana akiba ya kupigania. Na masika yalikuwa njiani. Mtaro ukibaki vile mpaka masika, nakupoteza. Hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu nilipobeba ndoo.

Watu husema hasira hasara. Sikubaliani nao hata leo, na ndoo ile sijaijutia. Ila haikuleta kitu. Bwana mkubwa aliita mgambo wanitoe nje, kisha akanisindikiza kwa maneno laini kwamba suala linashughulikiwa. Nikarudi na ndoo yangu tupu.

Njiani nikapita kibarazani kwa Bi Pili. Huyu alikuwa mkuu wa chama cha kufa na kuzikana cha akina mama wa mtaa wetu, mtu wa pwani hasa, mnene, mcheshi, ulimi kama wembe. Chama chake kilikuwa na mikeka, masufuria ya pilau ambayo mtu mzima angeweza kuogea, turubai, na majembe na sepetu za kuchimbia kaburi. Mie sikuwamo. Niliona ni mambo ya bibi wanaochagua mchele na kusengenya, na isitoshe mie mtu wa bara, Mkristo.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaitazama ndoo.

"Umekwenda na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Basi hukwenda. Mtu mmoja akipiga kelele ofisini, wanasema leo kaja mwendawazimu. Kidole kimoja hakivunji chawa, binti, na wewe umepeleka kidole kimoja tena umekichovya maji machafu." Akacheka mwenyewe, kisha uso ukabadilika. "Wewe ukifiwa, atakuzikia nani?"

Swali lile lilinichoma. Nilitaka kumjibu vibaya, mdomo ninao kama unijuavyo. Lakini nilikuwa nimekubeba mgongoni, na jibu lilikuwa hakuna. Majirani nilikuwa nawajua kwa nguo walizoanika, majina siyajui.

Akaniambia Ijumaa kuna arubaini kwa jirani wa nyuma, nije nioshe masufuria. Nikaja. Nilisugua ukoko mpaka kucha zikaisha, nimepiga magoti kwenye majivu na akina mama ambao kwa miaka niliwapita bila salamu. Na pale kwenye ukoko, mwanangu, ndipo nilipoyasikia. Huyu mwanawe alilazwa vuli ileile. Huyu mwingine choo chake kimetitia. Yule alihamisha kitanda kwa mkwewe. Kila mmoja alikuwa amelia chumbani kwake akidhani mkosi ni wake. Nikawaambia mganga aliyoniambia, na jinsi ugonjwa ule unavyotembea kutoka chooni mpaka kinywani mwa mtoto, maana hayo nilisoma shule na zahanati walinikumbusha. Bi Pili, aliyekuwa akionja pilau, akauliza masika yamebakiza muda gani. Mmoja akasema mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa baharini.

Alichopanga Bi Pili baadhi yao walikiogopa. Walisema ni uchuro. Akawajibu kwamba uchuro ni maji yale, na kwamba hatalia mtu, kwa sababu kulia bila maiti ndiyo dhambi yenyewe. Kukaa si dhambi. Mie akanigeukia akasema mdomo wangu ataukodi, ila mpaka Bwana Salehe mwenyewe aulize, niufunge.

Jumatatu asubuhi tulitandika mikeka ya chama mbele ya geti jekundu. Tukakaa, miguu tumenyoosha, khanga kichwani. Kimya. Wewe ulikuwa mapajani kwangu unachezea ukindu.

Sasa wajua watu wa Dar na msiba. Mtu hawezi kuona mikeka na akina mama waliojifunika akapita zake. Wa kwanza alikuwa muuza kahawa. Akatua birika lake, akasema poleni, akakaa upande wa pili wa njia. Sie hatukusema kitu. Akaja fundi cherehani, akafuata mwalimu wa madrasa, wakaja na vijana wa kijiweni wamevua kofia. Wanaume wakatoa mabenchi majumbani. Mmoja aliyejua funguo za stoo ya chama zinapokaa akaenda kuleta turubai, wakalifunga, na kwa kuwa msiba hauendi bila kaburi, wakaleta na majembe na sepetu wakayaegemeza ukutani wakisubiri kuambiwa pa kuchimba. Lori la marobota likafika, dereva akaona hali, akazima injini, akashuka na yeye akakaa. Bi Pili chini ya khanga mabega yalikuwa yanamtikisika. Ungedhani analia.

Bwana Salehe hakuwapo, alikuwa ametoka alfajiri kwenda kwenye biashara zake. Aliporudi, kutoka kona ya mtaa watu walianza kumshika mkono. Pole Bwana Salehe. Mungu akupe subira. Nilimwona anavyokuja. Alianza kwa kutembea, akaharakisha, mwisho akakimbia, mtu mzima na kanzu yake, kofia ikaanguka hakuiokota. Alikuwa na mke mjamzito ndani na watoto wanne. Usoni damu ilikuwa imemtoka yote.

Nikuambie kweli, niliutambua uso ule. Ndio niliokuwa nao zahanati.

"Nani?" akasema. "Jamani, nani?"

Bi Pili akanigusa goti.

"Hajafa mtu, Bwana Salehe," nikasema. "Mkeo yupo ndani, wanao wapo shule. Tumekuja kukaa mapema. Huyu wangu nusura afe vuli, na masika haya hatavuka kama mtaro umezibwa. Tukaona badala ya kumkalia kwangu akishakufa, tumkalie kwako akiwa hai."

Nikakuinua akuone. Ukamchekea, maana hujui adui ni nani.

Akafoka kwanza. Mtu aliyepewa hofu kama ile lazima afoke. Alisema tumemfanyia uchawi, atakwenda polisi, atatufukuza. Wanaume mabenchini wakatazamana, ndipo wakaelewa kwamba maiti haipo. Bi Pili akafunua khanga usoni.

"Salehe mwanangu," akasema polepole, "mkeka uliosimama juu yake huo, ndio tuliomkalia mama yako. Siku tatu. Ulituona tukichoka?"

Bwana Salehe akatazama chini. Akavua viatu. Kisha akakaa palepale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa viganja, na alipoviondoa alikuwa anatokwa machozi na kucheka kwa pamoja, kama mtu aliyerudishiwa watoto wake wote wanne kwa mara moja. Akasema wachimbe.

Na wanaume walikuwapo, mwanangu. Majembe yalikuwapo. Wa kwanza kupiga sepetu alikuwa dereva wa lori. Majembe yale hayakuwahi kuchimba kitu kingine zaidi ya kaburi. Siku ile yalichimba njia ya maji. Geti likasogezwa, kifusi kikabebwa na lori lilelile la marobota, na sie tukawasha moto tukapika, kwa sababu masufuria nayo yalikuwa karibu. Jioni bwana mkubwa wa kata alikuja kutupongeza. Nikamkabidhi sepetu. Alichimba kidogo, picha haikupigwa.

Masika yalipokuja, yalikuja mchana, kwa vishindo. Nilisimama mlangoni nimekubeba. Maji yakateremka kutoka juu, yakafika kwetu, yakapita. Yakapita tu, yanaongea peke yake yanakwenda mtoni. Niliketi kizingitini nikalia mpaka ukanishika pua.

Baadaye alikuja dada mmoja kutoka mjini, mwenye mkoba mzuri na maneno ya semina, anatafuta vikundi vya wananchi. Sikumchukia, alikuwa mtu mwema na jua lilikuwa limempiga. Alieleza kuwa mataifa yana malengo, maji safi, afya, watoto wasife, na kwamba malengo hayo hayafiki bila vikundi kama vyetu. Akatuuliza lengo la chama chetu ni nini, ili aliandike.

"Kuzikana," akasema Bi Pili.

Dada akaandika, akasita, akauliza kama hatuna lengo jingine la maendeleo.

Bi Pili akafikiri. "Basi ongeza hapo. Tuzikane tukiwa wazee."

Tukacheka sote, na dada naye, lakini hakulifuta.

Mwanangu, huo mwaka elfu mbili sasa unabisha hodi, na lile bango la zahanati limeshapauka. Sikulaumu ukilicheka. Ila ujue hivi: malengo ya dunia ni kama mvua, hushuka toka juu kwa wote, lakini yanaingia kwako kama mtaa wako umechimba njia. Na njia haichimbwi na mmoja. Usingoje kufiwa ndipo uwatafute watu. Ingia chamani ungali mzima, osha masufuria, jua majina ya wanaoanika nguo jirani na zako, hata kama wanasali pengine na wewe unasali pengine. Serikali uiendee, udai haki yako, ndiyo kazi yake. Ila usiende peke yako na ndoo. Hasira yako usiizime. Itandikie mkeka, wenzio wapate pa kukaa. Na ukishashinda, rudi ufagie. Hata leo kila Jumamosi sie tunafagia mtaro ule, na Bwana Salehe ndiye anayetoa mafagio na kutusimamia kama mjomba wa harusi.

Bi Pili tulimzika mwaka jana, kwa mikeka ileile. Alikuwa amezeeka vizuri, meno yote hakuna.

Na wewe Mungu akukuze, akupe majirani wenye kelele na mikono mingi. Mvua ikupite mlangoni ikienda zake. Akuweke mpaka mvi zikuote na meno yakutoke, na siku utakapoondoka, wakukalie waliozeeka pamoja nawe.